Nani Alishika Usukani Wadi Adai?

Wijdan kasimama mlangoni, mtandio wa kijani mkononi.

Hapo ndipo nilipokukatieni uhondo Jumapili iliyopita, na wapo walionitukana. Mmoja kanisimamisha Darajani na kikapu chake cha samaki, kaniuliza, "Wewe una roho gani?" Nikamwambia roho yangu nzuri tu, nafasi ya gazeti ndiyo ndogo. Haya, tuingieni ndani.

"Salaam alaykum," kasema Wijdan. "Mimi binti wa marehemu Hamdun. Namtafuta mwanamke mwenye mtandio huu."

Wewe uliyekuwa umelala wiki zote hizi, nakupa kwa mkato. Ijumaa moja, baada ya alasiri, gari ilitoka Amerat, kule Maskati, kwenda Mutrah kununua vitu vya harusi ya Yaarub. Kwenye kona ya Wadi Adai, milima huku na huku, ikampiga Mzee Hamdun, aliyekuwa akibadilisha tairi lililopata pancha. Mzee akafia pale pale, kichwa chake juu ya mapaja ya mwanamke aliyevua mtandio wake, akamfuta damu na kumtamkisha shahada.

Polisi walipofika walimkuta Yaarub peke yake. Kawaambia, "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Yule mwanamke mpita njia tu, kashaondoka." Wakamchukua.

Uongo mtupu! Aliyeshika usukani ni dada yake, Kidawa. Yaarub alikaa kiti cha pembeni. Lakini nyumba ya mama yao, Bi Shaikha, nyumba ya watu waliorudi Oman kutoka Unguja na adabu zao zote, ina sheria yake, nayo ni ya zamani kuliko ya barabarani: mtoto wa kike halali mahabusu. Kakosa, hakukosa, halali humo. Mwanamume yupo, ataingia yeye. Basi Yaarub alimsukuma dada yake ndani ya teksi, kichwa wazi, akabaki yeye na maiti.

Mpaka hapa mnamwona Yaarub shujaa. Subirini kidogo.

"Umepotea nyumba, mwanangu," Bi Shaikha akamjibu mgeni, na mlango keshauanza kuufunga.

"Sikupotea, mama. Dereva wa teksi kanileta mwenyewe. Kasema alimshusha mwanamke hapa, na njia nzima alikuwa akilia."

Kidawa alikuwa nyuma ya pazia la ukumbini, kaushika ukuta. Mtandio aliuona. Damu ilikuwa imeoshwa, lakini pindoni palibaki doa la rangi ya chai.

Sasa mtazameni Bi Shaikha. Mwanamke huyu angezaliwa mwanamume angekuwa waziri. Hakukaa hata kupumua, akapiga kofi dogo la furaha.

"Aa! Nishafahamu! Si Aika huyo, mfanyakazi wetu! Karibu, karibu ndani. Aika! We Aika! Njoo huku!"

Aika katoka jikoni, mikono yote unga wa chapati. Msichana wa watu kutoka Machame, Kilimanjaro, anafanya kazi kwa Bi Shaikha mwaka wa pili sasa. Kasimama katikati ya ukumbi hajui aitiwalo.

"Mgeni huyu kaja kukushukuru," Bi Shaikha akamwambia, na jicho akamkonyeza. "Kwa yale ya Wadi Adai."

Wijdan hakungoja. Kapiga magoti juu ya zulia, akaishika mikono ile na unga wake, akaibusu. "Mungu akulipe, dada. Mungu akulipe wewe na waliokuzaa. Niambie kitu kimoja tu. Baba alipotamka shahada, ulimi wake ulikuwa mzito au mwepesi?"

Maskini Aika! Kamtazama Bi Shaikha, katazama pazia, katazama mikono yake iliyobusiwa.

"Inuka, dada," kasema. "Usinibusu mikono. Mimi ni Mlutheri. Ijumaa ile nilikuwa kanisani Ruwi, sisi huku tunasali Ijumaa. Baada ya ibada tulikuwa na kwaya mpaka jioni. Hiyo shahada yenyewe siijui." Kisha akamgeukia Bi Shaikha, machozi yanamlenga. "Mama nisamehe. Nakula kwako, nalala kwako. Lakini mtu ameshakufa, siwezi kumdanganyia mtoto wake."

Jikoni chapati ikaanza kuungua, na hakuna aliyekwenda kuigeuza.

"Wangu," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Kidawa akatoka. "Mtandio huo wangu mimi."

Wijdan akamtazama, akainuka, akamkumbatia kwa nguvu hata Kidawa akakosa pumzi. Wakalia pamoja wale wasichana wawili, na laiti ningeweza kuikata hadithi pale, ningeikata, niwaache walivyo.

"Alitamka mara moja tu," Kidawa akamwambia. "Ulimi mwepesi kabisa. Halafu akanishika mkono, akanambia, 'Binti, hebu nizimie zile taa za gari, betri isije ikaisha.'"

Wijdan akacheka huku analia. "Ndiye! Wallahi ndiye baba huyo! Maisha yake yote ni betri na taa! Ulizizima?"

"Nilizizima."

"Mungu akuweke." Akaketi, akamkalisha Kidawa ubavuni pake, mkono hakuuachia. "Unajua baba alikuwa mtu wa kufuata kila kitu. Siku ile pembetatu nyekundu aliitoa, akaiweka mbali barabarani kama inavyotakiwa. Taa za hatari aliwasha. Gari kaitoa nje ya njia. Kila alichotakiwa alikifanya, na bado wakaniletea maiti." Akajifuta uso. "Kesho ni mahkama. Hakimu ataniuliza mbele ya watu, unamsamehe huyu? Nimeshajipanga. Nitasema simsamehe."

"Msamehe," Kidawa akasema. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri.

"Nimsamehe vipi? Yule hakuwa na leseni!"

Haya sasa.

Bi Shaikha akaruka. "Nani hana leseni? Mwanangu Yaarub ana leseni tangu hajaota ndevu!"

"Alikuwa nayo, mama. Kanyang'anywa. Kakata taa nyekundu Ruwi, wakamsamehe, akakata tena. Kapigwa marufuku kushika usukani. Hamkuambiwa?"

Hawakuambiwa. Habari za polisi zilikuwa zikija nyumbani kwa mdomo wa ami yake Yaarub, na ami yule wanawake huwapa habari nusu nusu, eti wasifadhaike. Naye Yaarub mwenyewe alikuwa akiona haya. Bwana harusi mtarajiwa, amwambie nani kwamba kapokonywa leseni?

Kidawa akakumbuka. Ijumaa ile, nje pale kwenye uwanja, kaka yake kamrushia ufunguo hewani. "Shika wewe leo, mimi mvivu." Na yeye akaudaka anacheka, roho imemjaa, akidhani kapewa heshima. Maana leseni yake ilikuwa bado inanukia upya. Wanaoijua Maskati wanaujua ule mtihani wa mapipa, urudi kinyumenyume baina ya mapipa usiguse hata moja. Kidawa aliyagusa, akarudishwa. Akayagusa tena, akarudishwa. Alipofaulu, Yaarub alinunua halwa akagawa mtaa mzima, akisema, "Sasa nna dereva wangu."

"Ofisa kituoni alinifahamisha vizuri," Wijdan aliendelea, hana habari anamchoma nani. "Kasema mtu mwenye leseni yake, akagonga, akasimama, akamsaidia majeruhi, hiyo ni ajali. Sheria ina njia naye. Bima inabeba dia, ile fidia ya damu, sisi warithi tunasamehe, hakimu anampima kwa upole. Lakini aliyekatazwa kuendesha akaendesha? Bima yamkana. Kosa linakaa juu ya kosa. Hakimu akitaka kumhurumia, hana pa kushika."

"Na kama... na kama aliyeendesha angekuwa na leseni?"

"Ningemsamehe hapa hapa nilipokaa. Ajali ya Mungu ile."

Mmesikia? Msamaha ulikuwepo! Ulikuwa umekaa pale barabarani toka siku ile ile, unamngoja Kidawa asimame wima aseme ni mimi. Mzee kafa, ndiyo, na uchungu wake ungekuwa uchungu. Lakini jela ya miaka isingekuwepo. Hawa watu walibadilishana viti ili kuficha aibu, na kwa kubadilishana kwao wakaigeuza ajali kuwa jinai. Ningekuwa nina fimbo, ningewachapa wote, kisha ningekaa nikalia nao.

Bi Shaikha alikuwa keshaona mambo yanakoelekea. Kampitisha mkono Kidawa nyuma ya mto wa kochi, akamfinya. Akamfinya kwa kucha.

Kidawa akautoa mkono wa mama yake taratibu, akauweka juu ya kochi.

"Wijdan. Aliyemgonga baba yako ni mimi."

Mkono wa Wijdan ukauachia wa Kidawa. Aliketi tu, akiutazama uso ule aliokuwa akiuombea dua kila baada ya sala, hajui u wa nani.

"Wewe?"

"Mimi. Yaarub alikuwa pembeni. Kanipakia kwenye teksi kwa nguvu. Leseni yangu hii hapa. Ningebaki, Wijdan. Wallahi nilitaka kubaki naye."

"Mchana ule," Wijdan akasema polepole. "Taa zinawaka. Pembetatu ipo. Mbona hukumuona?"

Hapo! Swali lenyewe ndilo hilo. Jibu Kidawa analo, na Bi Shaikha analo, ndiyo maana yule mama aliinamisha kichwa ghafla akawa anahesabu maua ya zulia. Mama na binti jambo lile hawajawahi kulisema hata wao kwa wao.

Kidawa akamtazama mama yake. Akaona ule utosi, ule mpasuo wa nywele uliojaa mvi.

"Jua," akasema. "Jua lilinipiga machoni."

Uongo mdogo. Wa kumfunika mama. Katika nyumba ile ndivyo walivyolelewa.

"Jua," Wijdan akarudia. Kisha akainuka, akaukunja mtandio, akautia ndani ya mkoba wake. "Basi nipeleke kituoni. Ukaseme mbele yangu, leo, kabla ya kesho. Teksi nimeiachia, na mimi kuendesha sijui. Baba ndiyo kwanza alikuwa akinifundisha."

Uwanjani palikuwa na gari ya Yaarub, imefunikwa turubai tangu polisi walipomaliza kuikagua. Kidawa akachukua ufunguo. Bi Shaikha akamwahi mlangoni, akauziba kwa mwili wake wote.

"Kidawa, hutoki."

"Mama, kaka yangu analala chini kwa ajili yangu."

"Mmoja kashaingia. Mmoja nimebaki naye. Niachieni mmoja! Watu watasema nini, binti wa Shaikha kalala na wahalifu? Nani atakuoa? Baba yako yuko kaburini, n'takwenda kumwambia nini?"

"Kamwambie uliwatupa wote wawili."

Neno baya. Kidawa alilijutia kabla halijaisha mdomoni, lakini mama yake keshasogea, na mlango ukawa wazi.

Hakuwa ameshika usukani tangu siku ile. Alifunga mkanda, akautazama wa Wijdan, akamfungia na yeye. Aliendesha polepole hata malori yakampigia honi. Kutoka Amerat kushuka mjini njia ni hiyo moja, inapita katikati ya milima, na kila kona Kidawa aliijua kabla haijafika.

Walipoikaribia yenyewe, Wijdan akainua viganja, akaanza kumsomea baba yake Fatiha. Kidawa naye akawa anasoma, midomo tu inacheza.

Simu ikalia.

Ndani ya mkoba wa Kidawa, kwa nguvu, mlio ule ule. Mkono wake wa kulia uliruka kutoka kwenye usukani, ukarudi. Simu ikalia, ikalia, kona ikaisha, simu ikanyamaza.

"Hupokei?" Wijdan kauliza.

"Sipokei nikiwa naendesha."

Wijdan akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Na baba alikuwa hivyo hivyo."

Loo! Ningekuwa Kidawa ningeisimamisha gari pale pale nikaupasua moyo wangu nikamwonyesha. Yeye akaendelea kuendesha.

Kituoni wakapokewa na ofisa wa zamu, mtu mzima, mpole, na kwa bahati kazaliwa Unguja, Kiswahili chake hakijapotea. Kidawa akakiri kwa mkupuo mmoja, amesimama, hataki kiti. Ofisa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Kaka yako alituambia utakuja."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Dada yangu atakuja kusema ni yeye. Msimsadiki. Ananipenda kuliko nafsi yake.'"

Kidawa akakalia kile kiti alichokikataa.

"Binti, mimi nimekaa na kazi hii umri wangu wote," ofisa akamwambia. "Kina mama huja hapa wakasema ni wao. Kina dada huja. Juzi kaja babu haoni vizuri, anasema yeye ndiye aliyeendesha. Kesi kesho iko kwa hakimu. Kaka yako amekiri, ameweka sahihi. Nikitaka kuibadilisha nahitaji kitu cha kushika."

"Leseni yangu hii!"

"Leseni inanambia unajua kuendesha. Hainambii kwamba Ijumaa ile uliendesha wewe." Akavaa tena miwani. "Na ujue unachokiomba. Ikiwa ni kweli, kuna kosa la kuondoka pahala pa ajali, na nyote wawili kuna kosa la kuidanganya serikali. Utaadhibiwa. Lakini na kaka yako mzigo wake utapungua mno, hilo sikufichi. Kuna mtu mwingine anayejua?"

Kidawa akamtazama Wijdan, akautazama mkoba wake. Akangoja Wijdan autoe ule mtandio. Na Wijdan alikuwa keshaanza kufungua zipu, nawahakikishieni, zipu ilikuwa nusu wazi.

Laiti Kidawa angengoja sekunde moja zaidi! Lakini aliona kaka yake anamponyoka, akaogopa, akakivuta kile kitu cha mwisho alichokuwa amekificha.

"Yupo! Mama yangu! Mama alisikia kila kitu! Nilikuwa nna simu sikioni. Kanipigia nikiwa kwenye kona, anikumbushe mawardi, yale marashi ya harusi, nisiyasahau. Nikawa namjibu, 'Ndiyo mama, chupa kubwa.' Alisikia breki. Alisikia nilivyopiga kelele. Mpigieni, atakwambieni!"

Zipu ikasimama.

"Simu?" Wijdan kauliza, kwa sauti ndogo kabisa.

Kidawa akageuka.

"Uliniambia jua," Wijdan akasema.

"Wijdan, nilikuwa namstiri ma..."

"Baba alitoa pembetatu. Baba aliwasha taa. Na wewe ulikuwa unazungumza mawardi." Machozi yalikuwa yanamtiririka hayafuti. "Nimekuuliza kwa ulimi wangu, nyumbani kwenu, nimekushika mkono. Ukaniambia jua."

Ofisa akavuta simu ya mezani, akaomba nambari, akabonyeza kitufe na mlio ukajaa chumba kizima. Bi Shaikha akapokea mara moja. Nadhani alikuwa amekaa nayo mapajani.

Ofisa akamwamkia kwa heshima, akajitambulisha. "Mama, niko na binti yako hapa. Anasema Ijumaa ya ajali yeye ndiye aliyeendesha, nawe ulikuwa ukizungumza naye kwenye simu. Ni kweli?"

Wote watatu waliinamia kile chombo. Kidawa alikuwa kakunja mikono chini ya kidevu, kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Kidawa?" ikasema sauti ya Bi Shaikha. "Kidawa Ijumaa ile alikuwa nami hapa nyumbani, baba. Tukitunga asumini za harusi. Hakutoka hata kizingiti."

"Mama!" Kidawa akapiga kelele.

"Simu nimpigie vipi mtu aliyekaa mbele yangu? Mtoto ana huzuni ya kaka yake, hali, halali, sasa anasema asilolijua. Nirudishieni tu, baba. Mungu akuwekeeni wanenu."

Simu ikakatwa. Katika yote aliyosema, mama yule sauti haikumtetemeka hata mara moja.

Ofisa akashusha pumzi. Akamgeukia Wijdan. "Wewe ndiye mwenye msiba, na umekuja naye mwenyewe. Yaarub alituambia palikuwa na mwanamke aliyemhudumia marehemu, mpita njia. Ndiye huyu? Unamjua?"

Mtandio umo mkobani. Dereva wa teksi yuko mjini, kumwita ni kumwita tu. Neno moja la Wijdan, na Yaarub kesho anasimama mbele ya hakimu mtu mwingine kabisa. Kidawa alimtazama kwa macho ambayo sina kalamu ya kuyaandika.

Wijdan akaivuta zipu, akaufunga mkoba.

"Simjui," akasema.

Ofisa akatikisa kichwa, akaisukuma leseni ya Kidawa juu ya meza, na ufunguo wa gari juu yake. "Nenda nyumbani, binti. Pole. Na uendeshe polepole."

Mtu amekwenda kwa miguu yake kuomba afungwe, ameambiwa aende nyumbani! Nimeyaona mengi Maskati, nimeyasikia mengi, lakini hili lilinitoa machozi wakati naliandika, na mke wangu kaja kuniuliza nina nini.

Nje, adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Wijdan alitangulia mpaka kando ya barabara, akainua mkono kuisimamisha teksi. Kidawa akamkimbilia.

"Niadhibu mimi, Wijdan. Usimwadhibu Yaarub kwa uongo wangu."

Wijdan hakugeuka. "Mwanamke niliyekuwa nikimwombea dua alizima taa za baba yangu. Yule nilimpenda. Wewe umenidanganya, na mama yako anadanganya, na kaka yako kadanganya. Nikimtoa mmoja wenu, nimtoe kwa neno la nani?" Teksi ikasimama. Akaushika mlango. "Kesho hakimu ataniuliza mwenyewe. Mtandio ninao, dereva ninaye. Mlete mama yako. Aje aseme kwa ulimi wake, mbele za watu, alichokisikia siku ile. Akisema, nami nitasema, na msamaha wangu mtaupata. Asipokuja, jibu langu ni lile lile. Simjui."

Teksi ikaondoka.

Kidawa akarudi garini. Akafunga mlango, akakaa. Ufunguo hajautia. Simu ikalia tena, na safari hii gari imesimama, akapokea.

"Umemaliza?" Bi Shaikha aliuliza.

Kidawa akamweleza aliyoyasema Wijdan, neno kwa neno.

"Mama?"

"Nilikisikia," Bi Shaikha akasema. Sasa sauti ilikuwa inatetemeka, tena ya mwanamke mzee kabisa. "Kile kishindo. Nikiweka sikio juu ya mto nnakisikia. Nikichota maji nnakisikia. Ningekuachieni mwende zenu, wanangu, mawardi yangekuja hata kesho yake. Ni mimi, Kidawa. Nnajua ni mimi. Lakini usinambie nikakiseme kile kitu mbele za watu."

"Ukinyamaza, Yaarub haponi."

"Nnajua."

"Basi utakuja?"

Kidawa alisikia pumzi, alisikia Aika kwa mbali akiosha vyombo.

"Rudi kwanza tule," mama yake akasema. "Chakula kishapoa."

Kidawa akaiweka simu kwenye kiti cha pembeni, kile alichokalia Yaarub siku ile. Akafunga mkanda. Njia ya kurudi Amerat ni ile ile moja, inapita Wadi Adai.